Je, Wajua? Injini za Vyombo vya Nyota kwa Kipimo cha Mto Pangani

Je, wajua kwamba gramu moja ya antimata ikikutana na gramu moja ya kitu chochote cha kawaida, uwe mchanga wa Raskazone au unga wa muhogo, hutoa nishati ya uniti milioni 50? Uniti hizi hizi za LUKU. Ukizigawa kwa wateja wadogo, wale wa uniti 75 kwa mwezi, zinatosha kaya zaidi ya laki sita. Kituo cha New Pangani Falls, kilichoanza kazi mwaka 1995 kikiwa na mitambo miwili ya megawati 34 kila mmoja, kingelazimika kuizungusha yote miwili kwa nguvu zake zote, usiku na mchana, mwezi mzima, ndipo kifikie hapo.

Kwenye vibanda umiza vya Ngamiani utaona chumba cha injini kinang'aa buluu, kapteni anaamuru, chombo kinachomoka. Hakuna anayeuliza kilijazwa mafuta wapi. Safu ya leo inauliza, na kwa kuwa tuko Tanga, kipimo chetu ni maji ya Pangani.

Tuanze na Enterprise ya Star Trek, maana watunzi wake walichagua vizuri. Antimata ni pacha wa maada ya kawaida aliyegeuzwa chaji. Wawili hao wakigusana hutoweka wote, na kinachobaki ni mnururisho mkali. Hakuna jivu wala moshi. Kwa uzito ule ule, hakuna mafuta yanayoweza kuizidi, kwa sababu hakuna kinachobaki ambacho hakijaungua.

Je, wajua kwamba ndizi unayonunulia dirishani basi likisimama Korogwe inatengeneza antimata? Ndizi ina potasiamu, na sehemu ndogo mno ya potasiamu hiyo ni ile ya namba 40, yenye mionzi. Mara chache sana atomu yake moja hurusha positroni, yaani elektroni ya upande wa antimata. Ndizi moja hurusha positroni moja hivi kila baada ya saa moja au mbili. Positroni hiyo haifiki mbali. Inakutana na elektroni ya kwanza iliyo jirani na zote mbili zinaisha. Kula ndizi yako.

Paul Dirac aliitabiri antimata kwa kalamu na karatasi mwaka 1928, na Carl Anderson akaiona alama ya positroni mwaka 1932. Tangu hapo imetengenezwa maabara, lakini kidogo kiasi cha kuchekesha. CERN, maabara kubwa ya Ulaya pale Geneva, imewahi kueleza kuwa antimata yote iliyowahi kutengenezwa hapo, ikikusanywa na kuteketezwa kwa pamoja, ingewasha taa moja ya umeme kwa dakika chache. Na kuitunza ni kazi nyingine. Chombo cha kuiwekea hakitakiwi kuwa na ukuta unaoigusa. Inaning'inizwa katikati ya ombwe kwa nguvu za sumaku. Mwaka 2011 kikosi cha jaribio la ALPHA huko CERN kilitangaza kuwa kimeshikilia atomu za antihaidrojeni kwa sekunde 1,000, kama dakika 17. Ilikuwa habari kubwa. Kwa Enterprise, dakika 17 hazitoshi hata kutoka bandarini.

Hapo ndipo fuwele za dilithiamu zinapoingia. Watazamaji wengi hudhani ndiyo mafuta ya meli. Siyo. Katika masimulizi ya Star Trek, fuwele ile haichomwi; kazi yake ni kuruhusu maada na antimata vikutane kwa kiasi, kidogo kidogo, bila meli kulipuka. Ni koki. Nawapa heko waliolibuni hilo, maana nishati ulimwenguni ipo tele, na shida ya kila injini, ya kweli au ya kubuni, ni koki.

Je, wajua kwamba mafuta ghafi yote ambayo bomba la Hoima hadi Chongoleani limesanifiwa kupitisha kwa siku moja, yaani mapipa 216,000, yana nishati sawa na gramu 15 za maada zikigeuzwa nishati bila kubakiza? Mapipa laki mbili na ushei, upande mmoja wa mizani. Upande wa pili, kijiko kikubwa cha sukari. Na bomba lenyewe lina vituko vyake. Mafuta ya Uganda yana nta nyingi, yakipoa yanaganda, kwa hiyo kilomita zote 1,443 zimesanifiwa kuvishwa kihami na kupashwa joto lisishuke chini ya nyuzi 50. Nishati inatumika kuibembeleza nishati ifike pwani. Mtunzi wa hadithi anayetaka tumwamini angeweka kitu cha namna hiyo kwenye meli yake.

Je, wajua kwamba debe moja la maji ya bahari, la lita 20, lina deuteriamu ya kutosha kuiga kazi ya New Pangani Falls kwa karibu saa nzima? Deuteriamu ni haidrojeni nzito. Kila mita ya ujazo ya maji ina gramu 33 hivi, na debe letu lina theluthi mbili za gramu. Viini vyake vyote vikiunganishwa, ngazi kwa ngazi, hadi mwisho wa safari, joto linalotoka ni sawa na la kuchoma lita elfu sita na zaidi za petroli. Chota palipo karibu nawe. Bahari ya Hindi haina foleni.

Kinachotukwamisha ni koki tena. Viini viwili vina chaji ya aina moja na vinasukumana. Ili viungane vinahitaji joto la nyuzi milioni 100 na zaidi. Jua linafanikiwa kwa uzito wake: linaunganisha tani milioni 600 hivi za haidrojeni kila sekunde, na kama tani milioni 4 kati ya hizo hugeuka nishati. Sisi hatuna uzito huo. Tarehe 5 Desemba 2022, maabara ya NIF huko California ilipiga kidonge cha haidrojeni nzito kwa leza za megajouli 2.05 na kupata megajouli 3.15. Dunia ilishangilia, na haki yake. Lakini megajouli 3.15 hazifiki hata uniti moja ya umeme, na kuzifyatua leza zenyewe kulivuta zaidi ya uniti 80 kutoka kwenye gridi.

Njia nyingine ni kuishikilia haidrojeni hiyo, ikiwa gesi ya moto, ndani ya sumaku kubwa zinazopozwa kwa heliamu ya kimiminika, kwenye baridi ya nyuzi 269 chini ya sifuri. Na heliamu tunayo. Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, pamoja na kampuni ya Helium One, walitangaza kuwepo kwa gesi hiyo katika bonde la Rukwa. Urani na thoriamu za kwenye miamba ya kale zilikuwa zikiitoa kidogo kidogo kwa mamilioni ya miaka, na joto la Bonde la Ufa likaifungulia njia ya kupanda. Anayeandika riwaya ya Kiswahili ya anga ana bandari ya kuanzia safari.

Thoriamu nimeitaja, basi nisiipite. Je, wajua kwamba wavuvi wa dagaa wa pwani hii walikesha miaka mingi wakiwa na mafuta ya nyuklia juu ya vichwa vyao? Ni karabai. Unaipasha kwa spiriti, unapiga pampu, mafuta ya taa yanageuka mvuke, na kile kimfuko cheupe cha wavu kinawaka hadi macho yanauma. Baada ya kuwaka mara ya kwanza, ukikigusa kwa kidole kinakuwa unga. Unga huo kwa muda mrefu ulikuwa oksidi ya thoriamu, mchanganyiko uliobuniwa na Carl Auer von Welsbach mwaka 1891, kwa sababu inastahimili moto na kung'aa sana. Ina mionzi kidogo. Thoriamu hiyo hiyo ikipigwa na nyutroni ndani ya kinu hugeuka, hatua kwa hatua, kuwa urani-233, ambayo inapasuka na kutoa nishati. Viwanda vingi baadaye viliacha kuitumia kwenye karabai, na wavuvi wenyewe siku hizi wana taa za betri na sola.

Je, wajua kwamba kinu cha kwanza cha nyuklia barani Afrika na meli ya anga ya kuendeshwa kwa mabomu vilipita katika kichwa kimoja?

Kinu hicho kiliwashwa mwaka 1959 katika Chuo Kikuu cha Lovanium, Kinshasa, mji ambao wakati huo uliitwa Léopoldville. Kongo haikukipata kwa bahati. Urani ya mgodi wa Shinkolobwe, huko Katanga, ndiyo iliyolisha kwa sehemu kubwa mradi wa Marekani wa bomu la atomu wakati wa Vita Kuu ya Pili. Kinu chenyewe kilikuwa cha aina ya TRIGA, kidogo, cha kilowati 50 za joto, kwa utafiti na mafunzo. Sifa ya TRIGA ni koki yake: mafuta yake yamechanganywa na haidrojeni kwa namna ambayo yakipata joto kupita kiasi, mpasuko unapungua wenyewe, hata kama hakuna mtu aliyegusa kitufe. Miongoni mwa waliolisanifu wazo hilo katika kampuni ya General Atomic, San Diego, mwaka 1956, alikuwa mwanafizikia Freeman Dyson.

Miaka miwili baadaye Dyson alirudi kwenye kampuni hiyo hiyo kufanya kazi na Ted Taylor juu ya mradi wa Orion. Huo haukuwa na koki hata kidogo. Mpango ulikuwa kutupa bomu la nyuklia nyuma ya chombo, lilipuke, mlipuko upige bamba kubwa la chuma lenye springi, chombo kisogee; kisha bomu lingine. Na lingine. Walitamani kufika Zohali ifikapo 1970. Modeli ndogo iliruka kweli mwaka 1959, kwa baruti ya kawaida. Mkataba wa 1963 wa kuzuia milipuko ya nyuklia hewani na angani ukaukata mguu mradi huo, na mwaka 1965 ukafungwa. Mtu huyo huyo alishiriki kubuni kinu salama kuliko vyote vya wakati wake na kukifanyia hesabu chombo cha hatari kuliko vyote. Mimi ningesafiri na kile cha Kinshasa.

Je, wajua kwamba mabaki ya mkonge pale Hale yamewahi kuzalisha umeme wa kilowati 150, mara tatu ya nguvu ya kinu kile cha Kinshasa? Mkonge uliingia pwani hii mwaka 1893, Richard Hindorf alipoagiza miche 1,000 kutoka Florida kupitia Hamburg. Iliyofika hai ilikuwa 62. Jani linapopita kwenye mashine ya korona, nyuzi zinazotoka kwenda kuanikwa juani ni sehemu ndogo sana ya uzito wake, kwenye asilimia mbili hadi nne. Kilichobaki ni uji wa kijani wenye harufu kali, ambao kwa karne nzima ulitupwa tu. Kampuni ya Katani ilijenga mtambo wa kuwalisha bakteria uji huo ndani ya matangi yasiyo na hewa, bakteria wakatoa gesi ya methani, gesi ikazungusha jenereta.

Hii siyo mbali na meli za nyota. Hadithi za safari ya vizazi, ambamo anayefika ni mjukuu wa mjukuu wa aliyeondoka, zinakwama kwenye swali la takataka, kwa kuwa angani hakuna dampo. Shirika la Anga la Ulaya lina mradi uitwao MELiSSA, ambamo bakteria na mimea hugeuza uchafu wa wanaanga kuwa hewa, maji na chakula, mnyororo usiokatika. Na nani asiyekumbuka gari la Back to the Future mwishoni mwa sinema ya 1985, likijazwa ganda la ndizi na bia iliyobaki? Hale wasingeona ajabu.

Tuache kuchoma, tutweke tanga. Mwaka 1610 Johannes Kepler alimwandikia Galileo juu ya siku ambayo vyombo vingeundiwa matanga ya kufaa upepo wa mbinguni. Miaka 400 baadaye, Mei 2010, Japani ilirusha IKAROS, chombo chenye tanga la mraba la mita 14 kila upande na unene wa sehemu saba na nusu za elfu za milimita. Mwanga wa Jua ulilisukuma. Msukumo wote ulikuwa sawa na uzito wa punje tano hivi za mchele. Kusi ikivuma mita 10 kwa sekunde hulisukuma tanga la jahazi, mita kwa mita, mara milioni sita na zaidi. Lakini kusi ina msimu, na Jua halipumziki. Msukumo wa punje tano, siku baada ya siku, bila maji ya kukwaruza ubavu, unazaa kasi. Tanga likiinamishwa upande wa pili, mwanga unaupunguza mwendo wa chombo kwenye njia yake na chombo kinashuka kuelekea Jua lenyewe. Nahodha wa Pangani anayejua kupiga bisho hatahitaji kueleweshwa mara mbili.

Wenye haraka wanataka leza badala ya Jua. Mpango wa Breakthrough Starshot, uliotangazwa mwaka 2016, ulipendekeza leza za gigawati 100 za kusukuma kijitanga cha gramu chache hadi asilimia 20 ya mwendo wa mwanga. Gigawati 100 ni New Pangani Falls 1,470, zote zikielekezwa kwenye kitu chepesi kuliko barua.

Je, wajua kwamba shimo jeusi na maporomoko ya Pangani hutumia hila moja? Kitu kinaanguka, unakinga nishati yake njiani. New Pangani Falls maji hushuka takriban mita 170, na kila tani moja ikishuka hutoa karibu nusu uniti. Gesi inayoanguka kuelekea shimo jeusi haishuki mita 170. Inazunguka, inasuguana, inapata joto la mamilioni ya nyuzi na kung'aa kwa eksirei, ikitoa asilimia 6 ya uzito wake kama nishati, na hadi 42 kama shimo lenyewe linazunguka kwa kasi ya juu kabisa. Haidrojeni ikiungana kuwa heliamu hutoa asilimia 0.7 tu. Kwa hiyo meli za Waromulan katika Star Trek, zinazobeba shimo jeusi la kutengenezwa badala ya antimata, zina hoja.

Na ushahidi wa mashimo hayo ulianzia pwani yetu. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya miaka saba ya uhuru wa Kenya, roketi ya Scout ilipaa kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikiwa na setilaiti ya kwanza iliyoundwa mahsusi kuchunguza anga kwa eksirei. Marjorie Townsend wa NASA aliiita Uhuru, miaka minne baada ya Luteni Uhura wa Star Trek kuonekana kwa mara ya kwanza kwenye televisheni. Uhuru ilionyesha kuwa chanzo cha Cygnus X-1 kinapepesa kwa haraka mno, dalili ya kitu kidogo na kizito, na Cygnus X-1 ndiyo iliyokuja kukubalika kuwa shimo jeusi la kwanza kutambuliwa. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alipata Nobeli mwaka 2002.

Je, wajua kwamba Vitz moja ya tani moja, ikitakiwa kufikia sehemu ya kumi ya mwendo wa mwanga, inahitaji umeme wote wa New Pangani Falls kwa miaka 210? Hiyo ni kuondoka tu. Kufunga breki ni mingine 210. Kwa mwendo huo ingefika nyota ya Proxima baada ya miaka 42. Voyager 1, ambayo kwa kasi yake ingetoka Dar hadi Tanga kwa sekunde 20 hivi, ingehitaji miaka zaidi ya 70,000 kwa umbali huo, na ilipoondoka mwaka 1977 ilikuwa na wati 470 tu za umeme utokanao na joto la plutoniamu.

Kuna jambo moja sinema zinalikwepa kuliko yote: joto. Angani hakuna upepo wa kupoza injini. Joto hutoka kwa kung'aa tu. Chukua injini ya terawati moja, nzuri sana, inayopoteza asilimia moja. Ili kuutupa mvuja huo kwa mabamba yenye joto la nyuzi 1,000, yanayong'aa pande zote mbili, unahitaji eneo la karibu viwanja vitano vya Mkwakwani. Waliosanifu chombo cha Discovery cha sinema iitwayo 2001 walilijua hilo na wakachora mabamba makubwa, kisha yakaondolewa: watazamaji wangedhani ni mabawa. Ilibidi tusubiri Avatar, mwaka 2009, ndipo ikaonekana meli ya Venture Star ikiwa na mabamba yake mekundu kwa moto, antimata kwenye matangi na, kwa maelezo ya waliobuni, tanga la kusukumwa na leza wakati wa kuondoka. Ndiyo meli pekee ya sinema ninayoweza kumwonyesha fundi wa TANESCO bila aibu, ingawa najua ataniuliza mita iko wapi.